Saa Saba Mchana, Mbuzi Wako Wapi?

Ukitaka kujua mfugaji anavyowatunza mbuzi wake, usimtembelee asubuhi. Asubuhi kila boma la Ukambani linapendeza: hewa ni baridi, vitoto vinarukaruka, na mwenye nyumba ana muda wa kukukaribisha chai. Nenda saa saba mchana, mwezi wa pili, mahali kama Ikutha au Mtito Andei, saa ambayo hata kuku wamejibanza chini ya ghala wameachama midomo. Kisha uliza swali moja tu: mbuzi wako wapi?

Mimi niliulizwa swali hilo na mzee mmoja, mjomba wa mke wangu, aliyevuka Mto Athi kuja kututembelea kutoka upande wa Makueni. Nikamwonyesha banda langu kwa majivuno. Nilikuwa nimelijenga mwaka huo baada ya wezi kuniibia mbuzi wanne usiku mmoja: mabati juu, mabati ubavuni, mlango wa chuma na kufuli mbili. Mzee akainama, akaingia, akakaa humo kitambo kidogo cha kukohoa mara mbili, akatoka akijifuta uso kwa kofia yake. "Mwanangu," akasema, "wezi umewazuia. Lakini wewe ungelala humu?"

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa na majike wawili waliopandwa mara tatu bila kushika mimba, mmoja ambaye maziwa yake yalikuwa yameshuka hadi kikombe, na chupa kadhaa tupu za dawa ya minyoo niliyowanywesha nikidhani nimepata mchawi. Mchawi alikuwa paa.

Joto halimuui mbuzi wa huku kwa urahisi, ndiyo maana tunalidharau. Mbuzi akifa tunamwona, tunamlilia na tunamhesabia hasara. Lakini anayeshindwa kula mchana kwa sababu anahema, anayepunguza kilo moja baada ya nyingine, ambaye kitoto chake kinazaliwa kidogo kuliko inavyopasa, huyo hatumwoni. Tunasema ni mbegu mbaya, tunamuuza kwa bei ya kutupa, na anayemnunua anamlisha chini ya mwembe na kumuuza kwa faida.

Nitakayoyasema hapa yanatokana na jambo moja nililochelewa kulielewa. Mbuzi anajua kujipoza kuliko sisi tunavyojua kumpoza. Mwache huru uone: hutoka mapema, hula kwa haraka, jua likipanda hutafuta mti, hulala akicheua, kisha hurudi majanini jioni. Joto linalomtesa, kwa sehemu kubwa, ni la kutengenezwa nasi, kwa kamba, kwa mabati na kwa ratiba ya mtoto wa shule. Kazi ya mfugaji ni kumwondolea vizuizi kabla ya kumnunulia chochote.

Tuanze na mwili wake. Joto la kawaida la mbuzi ni nyuzi 38.5 hadi 39.5 za Selsiasi, na mchana linaweza kugusa 40 bila ugonjwa wowote. Joto humjia kutoka pande mbili. Moja ni jua na ardhi iliyochomeka. Ya pili wengi hawaifikirii: tumbo lake kubwa la kwanza ni kama kibuyu cha pombe ya kaluvu inayochachuka, na kama umewahi kushika kibuyu hicho siku ya pili unajua kina vuguvugu. Majani makavu na mabua huchachuka kwa taabu na hutoa joto zaidi. Kwa hiyo mbuzi aliyeshiba mabua ya mahindi saa nne asubuhi anabeba moto wake mwenyewe tumboni saa ile ile jua linapompiga mgongoni.

Jasho lake ni kidogo. Anategemea zaidi kuhema: hewa hupita kwenye pua na koo zenye unyevu, unyevu unageuka mvuke, na joto linaondoka nao. Hapa sisi wa nyanda kavu tumebarikiwa kuliko wenzetu wa pwani. Hewa ya Kitui mwezi wa pili ni kavu kama unga, unyevu unakauka upesi, na mbuzi aliye kivulini penye upepo anapoa vizuri. Ila kuhema kunamgharimu maji. Na mbuzi anayehema hawezi kula, maana mdomo hauwezi kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja.

Jifunze kuhesabu pumzi zake. Simama hatua chache mbali asije akashtuka, tazama ubavu unavyopanda na kushuka, hesabu kwa nusu dakika kisha zidisha mara mbili. Mbuzi aliyetulia hupumua mara 15 hadi 30 kwa dakika. Ukipata 60 au zaidi akiwa amesimama tu kivulini, joto limeanza kumlemea. Akiachama mdomo, akatoa ulimi, akadondosha mate na kunyoosha shingo mbele, hapo si suala la starehe tena. Dalili nyingine ya mapema huwaponyoka wengi: mbuzi wanaokataa kulala. Mbuzi mwenye raha adhuhuri amelala anacheua. Kundi lililosimama wima, vichwa chini, kila mmoja ameficha kichwa chini ya tumbo la mwenzake, linakueleza jambo.

Lakini kuwa mwangalifu usiite kila kuhema joto. Huku kwetu kuna homa ya mapafu ya mbuzi, ile inayoambukiza na inayoweza kumaliza zizi. Namna nyepesi ya kutofautisha ni kurudi kuhesabu alfajiri, saa kumi na mbili, kukiwa bado baridi. Joto la jua huwa limemwacha usiku. Akiwa bado anahema alfajiri, anakohoa, pua zinatoka kamasi, na kipimajoto kinaonyesha zaidi ya 40, mtenge na wenzake na umwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Kipimajoto cha mifugo kinapatikana kwenye agroveti, na ni chombo kitakachokuokoa na kubahatisha dawa.

Sasa banda. Mtu akitaka kupunguza joto hufikiria kuta kwanza. Kwetu kuta zinafuata nyuma. Mji wa Kitui uko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta. Mwezi wa tatu na mwezi wa tisa jua la adhuhuri linasimama karibu wima utosini. Saa hiyo ukuta hauna kivuli cha kukupa. Paa ndilo linalopigwa, na paa ndilo linalompiga mbuzi. Bati lililoachwa juani, hasa la zamani lenye kutu, ni kama jiko lililopinduliwa, moto wake unashuka. Likiwa chini, mita moja na nusu tu kama lilivyokuwa langu, mbuzi amelala mdomoni mwa jiko hilo.

Inua paa lifike mita 2.5 au zaidi upande wa chini. Hilo peke yake linaleta tofauti utakayoihisi kwa uso wako. Kisha likinge bati na jua. Nyasi zilizofungwa juu ya bati na kulazwa fito zisipeperushwe ndizo bora, kwa sababu jua haligusi chuma kabisa. Lakini wengi wetu tunavuna maji ya mvua kwa mabati hayo hayo, na nyasi zikikaa juu zitachafua maji na kuziba mfereji. Wewe mwenye tangi, weka nyasi au mabua chini ya bati, juu ya fito, ukiacha nafasi ya shubiri moja kati ya chuma na nyasi ili hewa ya moto ipate njia ya kutokea. Aliye na uwezo apake rangi nyeupe ya paa. Asiye na uwezo, na asiyekinga maji, asidharau nyasi: bibi zetu walilala chini yake na hawakuhitaji feni. Angalia tu banda lisikaribiane na jiko la kuni.

Kuta sasa. Kosa nililolifanya, na ninaloliona kila ninapopita, ni madirisha kuwekwa kifuani mwa mtu. Mbuzi halali kifuani mwa mtu. Analala chini, na upepo unapita juu ya kichwa chake bila kumgusa. Matundu yaanze magotini. Najua utaniambia habari ya wezi, na ukiwa upande wa Kibwezi karibu na Chyulu au Tsavo utaniambia pia habari ya fisi na chui. Ni kweli. Ila kinachozuia mwizi ni ugumu, giza halimzuii. Nondo zilizochomelewa pamoja na wavu wa chuma, au mbao ngumu zilizopigiliwa zikiachiana upana wa vidole viwili, zinazuia mkono na jino lakini zinapitisha hewa. Mimi niliondoa bati lote la upande wa kaskazini kuanzia magotini hadi mabegani na kuweka nondo. Fundi alimaliza kwa siku mbili. Kufuli zangu mbili bado zipo.

Kama unajenga upya, elekeza urefu wa banda mashariki hadi magharibi, na ncha ya magharibi iwe imezibwa, kwa sababu jua la saa kumi huingia chini kwa chini. Upande mrefu ukitazama kaskazini utapokea kaskazi, upepo uvumao kuanzia Desemba hadi Machi, yaani katika miezi hiyo hiyo ya joto. Halafu tundika magunia juu ya matundu, yakunjwe kiangazi na kuteremshwa Julai. Watu wa Mbooni na Kilungu hawahitaji kuambiwa hilo. Manyunyu ya kipupwe huko yanaua vitoto kuliko jua.

Msongamano ni joto pia. Mbuzi mzima anataka kama mita 1.5 za mraba. Banda langu lilikuwa futi 12 kwa 10, takriban mita 11 za mraba, na ndani yake nilifungia mbuzi 22. Piga hesabu. Kila mmoja alikuwa na nusu mita, na jirani mwenye joto la nyuzi 39 kila upande. Pima mwenyewe alfajiri kabla hujafungua mlango: chuchumaa, weka pua yako kwenye kimo cha pua ya mbuzi aliyelala, vuta pumzi. Macho yakiwasha kwa harufu ya mkojo, mbuzi wako wamevuta hewa hiyo usiku kucha.

Na usiku ndio wakati mkubwa wa kupoa, jambo ambalo maboma ya zamani ya matawi ya mgunga, yaliyokuwa wazi juu, yalilitimiza bila mtu kulipanga. Mbuzi alilala akitazama nyota na joto la mchana likapaa. Aliyefungiwa kwenye bati anaamka na deni la jana kabla jua la leo halijachomoza. Kwa hiyo kama huwezi kubadilisha banda mwaka huu, fanya angalau hili: jua likizama waache uani hadi saa mbili au tatu usiku ukiwa bado macho, ndipo uwafungie.

Tuje kwenye kamba. Tangu vuli inyeshe hadi mavuno ya mwezi wa pili, mbuzi wengi wa Makueni huishi kwenye kamba ili wasile kunde na mbaazi za jirani. Mwezi wa kwanza shule zinafunguliwa. Mtoto anamfunga mbuzi saa kumi na mbili na nusu akienda, anamfungua saa kumi na moja akirudi. Alipomfunga palikuwa na kivuli kipana kizuri. Tatizo ni kwamba kivuli cha asubuhi huangukia magharibi mwa mti, adhuhuri hujikusanya chini ya matawi, alasiri huhamia mashariki. Kivuli kimeondoka, mbuzi kamba yake haimruhusu kukifuata. Na akizunguka shina kukitafuta, kamba inajikunja hadi anabaki na futi moja, amebanwa shingo, juani.

Dawa yake ni waya wa kuteleza. Chagua mti wenye mwavuli mpana, kama mulaa. Pigilia vigingi viwili, kimoja upande wa magharibi, kimoja mashariki, vikiachana mita 8 hadi 10, na uvute waya kati yao karibu na ardhi, upite chini ya matawi lakini mbali na shina kiasi ambacho kamba haiwezi kulifikia. Tia pete kwenye waya, funga kamba ya mita moja na nusu kwenye pete. Mbuzi atatembea na kivuli mchana kutwa. Mmoja kwa kila waya, tafadhali, wawili watanyongana. Weka karai la maji chini ya matawi, ulizungushie mawe asilipindue. Pasipo na mti, simika fito nne, ezeka nyasi juu, kimo cha mita moja na nusu. Kazi ya nusu siku.

Kwa wanaochunga, saa ndiyo kila kitu. Tumezoea kuwatoa mbuzi saa tatu au nne, umande ukishakauka, tuliambiwa umande unaleta minyoo. Kanuni hiyo ni ya kweli wakati wa mvua, lakini tunaibeba hadi kiangazi ambako hakuna umande wa kusubiri. Miezi mikavu watoe kunapopambazuka, warudi kivulini kabla ya saa tano, watoke tena saa tisa na nusu au kumi hadi giza linapoingia. Mbuzi atakula zaidi katika saa hizo kuliko ambavyo angekula akizunguka mchana kutwa akitafuta kichaka cha kuingizia kichwa. Mchungaji naye atapona.

Maji. Mbuzi wa kienyeji asiyenyonyesha atataka lita 3 hadi 5 kwa siku kwenye joto letu. Wa maziwa anaweza kufika 10. Ambapo maji yako mbali watu hunywesha siku moja na kuruka moja, na mbuzi wa kienyeji huvumilia, lakini anavumilia kwa kupunguza kula na kupunguza maziwa. Kama ni lazima uruke, usimruke anayenyonyesha.

Yakoje maji yenyewe? Maji yaliyolala kwenye mpira mweusi juani yanaweza kuunguza mkono. Tia kidole kwanza, mwaga ya mwanzo, mpe yanayofuata. Hori liwe kivulini. Hapa mito yetu ya mchanga, kama Tiva na Thua, inatushinda akili: maji yamejificha chini ya mchanga, jua haliyafikii, na ukichimba kisima yanatoka baridi. Mabwawa ya mchanga ambayo shirika la SASOL na vikundi vya wanakijiji wamekuwa wakijenga Kitui tangu miaka ya 1990, na yale ya Makueni, yamesogeza maji hayo karibu na maboma mengi. Ukinywesha mtoni, nenda asubuhi, na uwaache wapumzike chini ya miti ya ukingoni adhuhuri. Usiwapandishe kilima saa saba kwa sababu tu wamemaliza kunywa. Wenye visima vya kuchimbwa kwa mashine upande wa Mutomo na Ikutha wanajua maji mengi huko yana chumvi. Mbuzi huyanywa, lakini ukichanganya nusu kwa nusu na ya mvua atakunywa zaidi. Jiwe la madini libaki pale pale.

Kumwagia maji sakafu ya banda sikushauri. Sakafu mbichi inaozesha kwato na kuharisha vitoto. Ila gunia la mkonge lililoloweshwa na kutundikwa upande unakotoka upepo, mbali kidogo na midomo yao, linapoza banda kwa maji ya mtungi mmoja, na katika hewa kavu kama yetu linafanya kazi kweli. Litumie kwa anayenyonyesha au mgonjwa. Kwa kundi zima ni kupoteza maji.

Chakula nitakipitia haraka. Mabua na majani makavu wape jioni, yachachuke tumboni usiku. Mchana wape kijani kidogo: majani ya mukau, matawi ya miti ya lishe uliyopanda, nyasi laini. Maganda ya mulaa yakianguka kiangazi yakusanye kwenye magunia na uyatwange kabla ya kulisha, la sivyo mbegu zinatoka upande wa pili kama zilivyoingia. Na kata nyasi zikiwa bado na rangi. Mbeetwa na nguu, ambazo kituo cha utafiti cha KALRO pale Kiboko kimezishughulikia miaka mingi, zikikatwa mapema zinakuwa chakula. Zikiachwa hadi zipauke zinakuwa ezeko. Miaka ile misimu ya mvua ilipofeli mfululizo hadi mitano, kati ya 2020 na 2023, tulijifunza pia kwamba mbuzi aliyekonda hana nguvu hata ya kuhema. Kupunguza kundi mapema, wakati bado wana nyama, ni sehemu ya kuwapoza waliobaki.

Kuna jambo la mbegu ambalo linawaudhi watu nikilisema. Toggenburg alitoka milima ya Uswisi, na Alpine wa Kijerumani jina lake linajieleza. Kilungu na Mbooni watakaa. Ukimpeleka wa damu safi Kibwezi au Tseikuru utakuwa mtumishi wake: kivuli, maji na chakula cha kuletewa mlangoni, na bado maziwa hayatafanana na yale uliyoahidiwa. Mbuzi wa Galla aliyetoka kwa wafugaji wa kaskazini, mweupe, manyoya mafupi, miguu mirefu inayomwinua juu ya ardhi ya moto, ndiye wa nyanda zetu za chini. Weupe wake si urembo; hurudisha jua. Ukitaka maziwa zaidi, chotara wa nusu kwa nusu ni mwafaka. Na kama una mbuzi mweusi umpendaye, usimuuze, mpe tu nafasi ya kwanza kivulini.

Beberu naye husahauliwa, kwa vile hana maziwa ya kupimwa. Joto kali huharibu mbegu zake, na mbegu huchukua karibu miezi miwili kutengenezwa upya, kwa hiyo beberu aliyechomwa na jua la Februari anaweza kuwa bure hadi Aprili huku akipanda kwa bidii zote. Kalenda inayonifaa ni hii: nawapandisha Juni, kipupwe kikiwa kimetulia. Mimba ni siku 150 hivi. Vitoto vinaanguka Novemba, vuli imenyesha, majani yako, mama ana maziwa. Kupanga hivyo kunataka beberu azuiwe miezi mingine, kwa kumtenga au kwa kumfunga ngozi tumboni kama wafanyavyo jirani zetu Wamaasai. Chanjo, dawa ya minyoo na kunyunyiza dawa ya kupe pia vifanyike asubuhi mapema. Mbuzi mwenye kiu akinyunyiziwa dawa saa sita atairamba.

Kisha soko. Mbuzi anaweza kutunzwa mwaka mzima akafa katika saa mbili za safari, amefungwa miguu minne, amelazwa ubavu nyuma ya bodaboda kwenye lami. Akilala ubavu hewa ya tumbo haitoki, anafura, na joto la injini liko chini yake. Kama ni lazima bodaboda, asafiri amekaa kwenye tenga, kichwa juu, kabla ya saa tatu. Wanaopeleka lori Kiamaiko, Nairobi, waondoke usiku. Wakisimama Emali au Sultan Hamud kula, lori liegeshwe kivulini. Lori lililosimama juani ni baya kuliko linalokwenda. Kuna sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, lakini hata bila polisi, mnunuzi anapunguza bei ya mbuzi anayetweta.

Ukimkuta mbuzi ameanguka, anahema mdomo wazi, macho yamemtoka, usikimbilie kumnywesha kwa nguvu. Maji yataingia mapafuni na utakuwa umemuua wewe. Mbebe hadi kivulini penye upepo. Mwagie maji miguuni, tumboni, mapajani kwa ndani na kichwani, mpepee kwa kipande cha boksi, mwagia tena. Usimfunike gunia bichi ukaliacha, linageuka blanketi. Pima joto kila dakika chache. Likishuka kufikia nyuzi 39.5 acha kumwagia, asije akapoa kupita kiasi. Akiinua kichwa mwenyewe, mwekee maji mbele anywe kidogo kidogo. Aliyefika nyuzi 41 au 42 aonwe na daktari hata akisimama, na usimchinje haraka ukidhani ameshakwisha. Wengi huinuka jioni.

Mwisho kuna miti, na hapa tumejikata wenyewe. Mwaka 2018 Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku makaa kutoka Kitui, watu wakabishana sana, lakini aliyepita barabara ya Mutomo miaka hiyo aliona magunia yaliyopangwa kando ya njia na anajua kila gunia lilikuwa kivuli cha mtu. Ukipanda kwa ajili ya mbuzi, usipande mbuyu ukitegemea kivuli chake: kiangazi hubaki mifupa. Kithumula kina kivuli kizito na ukwaju wake unauzika. Mwarobaini hukua upesi na uchungu wake huukinga kidogo na meno. Mukau ni mbao na ni lishe, na miche ya mbegu bora imekuwa ikitolewa na taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, pale Tiva na Kibwezi. Uchanganye na mingine. Panda vuli inapoanza, upande wa magharibi wa banda, ambako jua la alasiri linatokea.

Kithumula changu nilikipanda mwaka uliofuata ziara ya yule mzee. Kimefika kiunoni, na bado nimekizungushia miiba mizito ya mgunga pande zote, kwa kuwa adui wake mkubwa ni wale wale wanaosubiri kivuli chake.